Mchezo Usiomtoa Mtoto Nje: Michezo ya Ndani kwa Watoto Wenye Changamoto za Ukuaji Baada ya Saa za Shule

Saa tisa alasiri, mvua ya masika inapiga bati kwa nguvu, na watoto 12 wamekusanyika katika ukumbi mdogo ambao wazazi wameuazima ili watoto wao wasibaki peke yao mpaka jioni. Uwanja umejaa maji. Mlezi, ambaye watoto humwita anti, anawapanga katika duara na kuanzisha mchezo wa nyama, unaojulikana kwa watoto wengi wa Tanzania. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa mnyama anayeliwa, watoto wote huruka na kuitikia kwa sauti. Akiwa haliwi, kila mmoja hutakiwa kunyamaza na kutulia alipo. Anayeruka kwa jina la simba au fisi ametoka. Katika wito wa tatu tu, mvulana wa miaka 9 anaruka kwa jina la chui. Anapelekwa kwenye benchi. Mchezo unaendelea kwa dakika 10 bila yeye. Kwanza anaipiga benchi kwa visigino, kisha anamvuta mwenzake shati, mwishowe anakimbilia mlangoni. Kesho yake haingizwi katika duara tangu mwanzo, kwa sababu imekwisha kusemwa kwamba anaharibu mchezo.

Mfano huu umetungwa, lakini mlezi aliyewahi kukaa alasiri nzima na watoto wenye changamoto za ukuaji ataitambua sura yake. Kwa changamoto za ukuaji hapa inakusudiwa hali kama usonji, ulemavu wa akili, upungufu wa umakini na utulivu, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down na kuchelewa kwa lugha. Watoto hawa wana tofauti nyingi baina yao, na hata wawili wenye hali ya jina moja hawafanani. Hata hivyo, wengi wao hukutana na jambo moja: huanza kucheza pamoja na wenzao, na baada ya muda mfupi hujikuta wakitazama. Hoja ya makala haya ni kwamba katika michezo mingi ya ndani kosa huwa katika kanuni moja, ile ya kumtoa aliyekosea. Kanuni hiyo yaweza kubadilishwa leo hii, kabla mvua haijakatika.

Kinachofanyika ndani ya mchezo wa nyama

Mchezo wa nyama unaonekana kuwa wa kelele na kuruka. Kwa jicho la mtaalamu wa maendeleo ya mtoto, ni zoezi gumu kwa ubongo. Mtoto anapaswa kukumbuka kanuni huku akisikiliza jina jipya, kulipanga jina hilo upande wake, na, lililo gumu kuliko yote, kuuzuia mwili ambao tayari umeanza kuruka kwa mazoea ya miito iliyotangulia. Uwezo huu wa kujizuia hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine na huendelea kukomaa hata baada ya ujana kuanza.

Kwa mtoto mwenye upungufu wa umakini na utulivu, safari hiyo huwa ndefu zaidi. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watoto waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Tabaka la nje la ubongo hunenepa kwanza utotoni, kisha hupungua unene. Kwa watoto wasio na hali hiyo, nusu ya maeneo yaliyopimwa ilikuwa imefikia kilele cha unene katika umri wa takriban miaka 7.5, kwa watoto wenye hali hiyo, katika umri wa takriban miaka 10.5. Haifai kusema kwa sababu hiyo kwamba mvulana wa miaka 9 ana ubongo wa mtoto wa miaka 6, kwani mpangilio wa ukomavu ulikuwa uleule na kilichotofautiana ni wakati wake. Lakini anayejua hayo hatashangaa mvulana huyo akiruka kwa jina la chui, wala hatauita mruko huo ukaidi.

Sasa na ihesabiwe nafasi ya kujifunza. Tuseme kiongozi anatoa miito 40 katika dakika 10. Mtoto asiyekosea kamwe, yaani yule ambaye tayari anajua kujizuia, anapata mazoezi 40. Mtoto aliyekosea katika wito wa tatu anapata 3, kisha anakaa. Mchezo umegawa mazoezi kinyume kabisa na mahitaji. Ni kama kliniki inayompa dozi kamili asiyeumwa na kumwondoa foleni mgonjwa. Isitoshe, benchi lenyewe ni jaribio jingine la kujizuia, gumu kuliko la kwanza, na anayefanyishwa ni yule aliyeshindwa lile jepesi.

Kuigeuza kanuni

Jambo la kwanza ni kuiondoa adhabu ya kutoka na kuweka mahali pake wadhifa. Aliyekosea husogea na kusimama karibu na kiongozi kwa miito miwili, akimsaidia kuchagua kadi ya mnyama anayefuata, kisha hurudi katika duara. Hakai benchi, haachi kusikiliza, na kwa muda ule mfupi anakuwa karibu na mtu mzima anayeweza kumgusa bega. Walezi wengine huogopa kwamba watoto watakosea makusudi ili wapate kadi. Hutokea, kwa siku moja au mbili. Dawa yake ni kuwapa watoto wote wadhifa huo kwa zamu, usiwe tuzo ya kosa.

La pili ni kasi. Miito ya haraka inapendeza watoto wepesi na kuwaangusha wazito. Kiongozi ataje mnyama, ahesabu moja na mbili kimoyomoyo, ndipo ainue mkono kuashiria kwamba sasa ni ruhusa kuruka. Sekunde hizo mbili ndizo zinazompa mtoto mwanya wa kufikiri kabla ya mwili. Wiki zinavyopita, mwanya hupunguzwa.

La tatu ni wanyama wenyewe. Ianzwe na wawili tu, mathalani ng'ombe na simba, kwa kadi zilizochorwa ili mtoto mwenye udhaifu wa lugha aone na asitegemee masikio pekee. Mbuzi na fisi waongezwe baadaye. Nguruwe aachwe kabisa: katika ukumbi wenye watoto wa dini mbalimbali, mjadala wake huwa mrefu kuliko mchezo. Hata wale wanaoliwa na jamii moja na kuachwa na nyingine, kama sungura, ni heri wakubaliwe kabla ya kuanza, kwa kuwa mtoto mwenye usonji anayeshika kanuni kwa uaminifu mkubwa anaweza kuumizwa kweli na kanuni inayobadilika katikati.

La nne ni namna ya kuitikia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kuruka apige kopo kwa kijiti au ainue mkono ulio na nguvu. Asiyesema aonyeshe kadi ya kijani. Muhimu ni kwamba wote wanaitikia kwa wakati mmoja na wote wananyamaza kwa wakati mmoja. Mlango wa kuingilia mchezo unaweza kuwa tofauti, mchezo ukabaki mmoja.

Je, kuna ushahidi kwamba michezo ya aina hii husaidia? Mwaka 2011 Shauna Tominey na Megan McClelland walichapisha nchini Marekani utafiti juu ya watoto wa shule ya awali walioshiriki vikao 16 vya michezo ya duara kwa muda wa wiki 8: kusimama na kwenda kwa rangi, kuganda muziki unapokoma, kufanya kinyume cha kinachosemwa. Katika michezo hiyo kanuni ziliongezwa ugumu hatua kwa hatua. Manufaa ya kujitawala yalionekana hasa kwa watoto walioanza wakiwa na uwezo mdogo wa kujizuia. Ikumbukwe kwamba utafiti huo haukuwahusu watoto waliothibitishwa na daktari kuwa na matatizo ya ukuaji, wala haukufanywa katika ukumbi wenye bati linalolia. Unachoonyesha ni mwelekeo, nao unalingana na mantiki ya mazoezi yoyote: anayepata faida ni yule anayebaki uwanjani.

Mlezi atajuaje kwamba mchezo umepimwa sawasawa? Kipimo cha kazi, kinachotosha kwa mtu asiye na karatasi wala muda, ni kuhesabu mara kumi. Mtoto akifanikiwa mara saba au nane, mchezo unamfaa. Akifanikiwa chini ya mara tano, upunguzwe ugumu papo hapo, bila tangazo. Akifanikiwa kila mara, aongezewe mnyama mmoja. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alilieleza eneo lililo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza kwa msaada, akasema kwamba ni humo ambamo mafunzo huzaa matunda. Mara saba au nane kati ya kumi ni njia ya kawaida ya kulitafuta eneo hilo kwa macho.

Kabla ya mchezo

Mtoto anayetoka shule amekwisha kutumia nguvu nyingi kukaa, kunyamaza na kufuata. Akiingia moja kwa moja katika mchezo wa kanuni, hana akiba. Kikombe cha uji, choo, na robo saa ya kukaa atakavyo vitangulie. Walezi wengi wamegundua bila kitabu kwamba ugomvi wa saa tisa na nusu mara nyingi ni njaa.

Kelele ya mvua juu ya bati si jambo dogo. Baadhi ya watoto wenye usonji husikia sauti kwa ukali unaowaumiza, na ukumbi usio na dari wakati wa masika unaweza kuwafanya wazibe masikio, walie au wajifiche chini ya meza. Mtoto wa namna hiyo hagomi. Pembe moja ya chumba iwekwe mkeka, mito na kanga iliyotundikwa kama pazia, iwe mahali pa kupumzika ambapo mtoto huenda kwa hiari na kurudi kwa hiari. Pembe hiyo isitumiwe kamwe kuwa mahali pa adhabu. Ikitumiwa hivyo mara moja, imekwisha kupoteza kazi yake.

Kamba moja ukutani, vibanio vya nguo na picha tano zilizochorwa kwa mkono (uji, nyama, bao, hadithi, kwenda nyumbani) hutosha kuwa ratiba. Kila jambo likimalizika, mtoto mmoja huishusha picha yake. Kwa mtoto ambaye dunia humjia bila onyo, kuona kilichobaki hupunguza hofu zaidi ya maneno mengi ya kumtuliza.

Zamu, na ugumu wa kungoja

Kungoja zamu ni kazi ambayo watu wazima huiona si kazi. Mtoto anaambiwa angoje, lakini haonyeshwi angoje nini wala mpaka lini. Kungoja kunapaswa kuonekana. Kofia moja kuukuu huweza kuwa kofia ya zamu: aliyeivaa ndiye anayecheza, na wote wanaiona ikihama kichwa hadi kichwa. Chupa mbili ndogo za maji zilizounganishwa mdomo kwa mdomo, zikatiwa mchanga mkavu uliochekechwa, huwa saa ya mchanga ya dakika moja. Na vikundi viwe vidogo. Katika duara la watoto 12, mtoto hungoja wenzake 11. Wakigawanywa wawili wawili, hungoja mmoja. Hakuna ufundi wowote wa malezi unaoshinda hesabu hiyo.

Bao ni shule nzuri ya zamu, ingawa si kwa ukamilifu wake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake huwashinda hata watu wazima wenye akili kali. Lakini tendo la msingi la bao, yaani kuchukua kete mkononi na kuziangusha moja moja katika mashimo yanayofuatana, lina thamani ya pekee kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Wapo watoto wanaohesabu kwa mdomo mpaka 20 bila kukosea, lakini wakiombwa kuleta mawe 5 huleta gao zima la mkono. Wanajua wimbo wa namba. Bado hawajakutanisha namba na kitu. Katika kusambaza kete, kila shimo linadai kete moja na neno moja. Trei la mayai lililokatwa likabaki na vishimo 8, katika safu mbili za vinne, latosha. Wachezaji wawili, kete 16. Kwa wiki za mwanzo hakuna kuteka wala kushinda: ni kusambaza, kuhesabu, na kumpisha mwenzako. Kuteka kuingie pale mtoto atakapokuwa ameanza kumkosoa mlezi anayeruka shimo kwa makusudi. Hiyo ni ishara nzuri kuliko mtihani.

Si lazima kila mtoto aketi na mwenzake. Mwaka 1932 Mildred Parten alieleza namna mbalimbali ambazo watoto wadogo hucheza: peke yao, kwa kutazama wengine, sambamba na wengine, na kwa kushirikiana. Mtoto anayekaa nusu mita kutoka kwenye bao la wenzake, akisambaza kete zake mwenyewe katika trei lake, anacheza sambamba, na hajatengwa. Mlezi anayemsukuma aingie katika kundi kwa lazima humpotezea hatua aliyokwisha kuipanda.

Mikono, na kiwiliwili kinachoibeba

Mdako huchezwa zaidi na wasichana. Kokoto hukusanywa katika kishimo au duara. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka huzitoa kokoto kwa mkono uleule, kisha hulidaka. Ndani ya nyumba, duara la chaki sakafuni linatosha. Ni mchezo unaodai jicho, mkono na hesabu ya wakati kufanya kazi pamoja, na kwa sababu hiyo huwashinda mapema watoto wenye udhaifu wa misuli au wa uratibu wa viungo.

Kinachowashinda hasa ni kasi ya jiwe linaloanguka. Kasi hiyo hupunguzwa kwa kubadili kinachorushwa. Kitambaa chepesi cha mtandio huelea na kushuka taratibu, kikimpa mtoto muda wa kutoa kokoto moja. Akizoea, kitambaa kifungwe fundo ili kishuke upesi zaidi. Baada ya fundo huja mpira wa soksi, na baada ya soksi, pengine baada ya miezi, jiwe. Kokoto nazo zibadilishwe kwa vitu vikubwa: vifuniko vya plastiki vya chupa za maji hushikika vizuri na kidole gumba na cha shahada, hata kwa mtoto mwenye sindromu ya Down ambaye vidole vyake ni vifupi na viungo vyake vimelegea.

Lakini kabla ya mikono kuna kiwiliwili. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeketishwa sakafuni bila kuegemea hutumia mikono yake kujizuia asianguke. Haina nafasi ya kucheza. Aketi kwenye kiti kinachoruhusu nyayo zake kukanyaga chini kikamilifu, magoti na nyonga vikunjwe pembe mraba, na kanga iliyokunjwa ijazwe pembeni mwa kiuno kumzuia asiegemee upande. Nyayo zikining'inia, tofali lililofungwa kitambaa liwekwe chini yake. Mlezi atashangaa kuona mkono uliodhaniwa kuwa mzito ukifunguka. Mara nyingi mtoto aliyeandikwa kuwa hawezi mdako alikuwa hawezi kuketi tu. Hapo ushauri wa mtaalamu wa tiba ya viungo au wa tiba kwa vitendo, hata wa mara moja, una faida inayodumu.

Kitendawili cha mfukoni

Watoto wa Waswahili wamezoea kutega na kuteguliwa, na mwito na kiitikio cha kitendawili ni fundisho kamili la mazungumzo: mmoja anaita, wengine wanajibu, kisha mmoja anangoja huku wengine wakifikiri. Ugumu ni kwamba kitendawili husema jambo moja na kukusudia jingine. Mtoto mwenye usonji anayeambiwa kuhusu nyumba isiyo na mlango anaweza kukaa akiifikiria nyumba, na jibu kwamba ni yai likamwonekea uongo. Wengine hucheka, naye hajui wanachocheka.

Namna ya kumwingiza ni kuweka kitu chenyewe ndani ya mfuko wa kitambaa. Mtoto mmoja anatia mkono, anagusa bila kuona, na kutega kwa maneno ya kweli: ni cha mviringo, ni baridi, kinatumika kunywea. Wengine wanategua. Kila neno linathibitishwa kitu kinapotolewa. Mtoto mwenye lugha chache huweza kutega kwa kuonyesha ishara ya kunywa. Baada ya muda, kitendawili cha kale huja pamoja na kitu chake: yai liko mfukoni, mtoto analigusa, anazungusha kidole kutafuta mlango asiupate, na ghafla msemo unaeleweka kwa vidole. Baadhi ya watoto hubaki na hatua ya kwanza kwa mwaka mzima, na hawapungukiwi na kitu.

Hatari zisizosubiri

Mtoto anayetia vitu mdomoni, hata akiwa mkubwa, asipewe kete, kokoto wala maharage. Kitu chochote kinachopita katika kirija cha karatasi ya chooni kinaweza kuziba koo. Maharage na mahindi yana hatari nyingine: huingizwa puani na masikioni, nayo hufura yakilowa. Mabeseni ya maji hayafai bila mtu mzima kukaa hapohapo, hasa kwa mtoto mwenye kifafa, hali inayowapata watoto wengi wenye mtindio wa ubongo. Kifafa kikimshika, mtoto alazwe kiubavu mahali pasipo na vitu vigumu, asitiwe chochote kinywani, na saa itazamwe. Kikizidi dakika 5 au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto mwenye sindromu ya Down asifanyishwe pindupindu wala kusimama kwa kichwa, kwa kuwa mifupa ya juu ya shingo yaweza kuwa legevu. Na mtoto yeyote anayepoteza uwezo aliokuwa nao, aliyesema akaacha kusema, aliyetembea akaanza kuanguka, apelekwe kwa daktari bila kungoja muhula uishe.

Mtu mzima chumbani

Nchini Japani, tangu Aprili 2012, sheria ya ustawi wa mtoto imeweka huduma maalumu ya saa za baada ya shule kwa wanafunzi wenye ulemavu, kwa kawaida wa umri wa miaka 6 hadi 18. Vituo viliongezeka kwa kasi. Mwaka 2015 serikali ililazimika kutoa mwongozo wa ubora, na miongoni mwa malalamiko yaliyosikika katika miaka hiyo ni kwamba baadhi ya vituo viliwaketisha watoto mbele ya televisheni mpaka wachukuliwe. Chumba, fedha na sheria vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu anayecheza.

Tanzania nayo haikosi sheria. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataja kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kama haki ambazo mzazi au mlezi ana wajibu wa kuzitimiza. Mara nyingi anayeitimiza haki hiyo ni bibi, dada wa kazi au mzazi mmoja wa kikundi aliyepangiwa zamu ya siku ile, bila mafunzo yoyote. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wenye kuchelewa au ulemavu wa ukuaji yameandaliwa kwa watu wa namna hiyo: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vikiendeshwa na mtu asiyehitaji kuwa mtaalamu bingwa. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kucheza: kushuka hadi usawa wa macho ya mtoto, kufuata kile anachokitazama, kuiga anachokifanya kabla ya kumtaka aige, na kungoja.

Mlezi asiyepata mafunzo anaweza kuanza na daftari. Kila jioni iandikwe mistari miwili kwa kila mtoto: alifanya nini bila msaada, na alihitaji msaada gani. Isiandikwe kwamba alikuwa mtundu. Iandikwe kwamba aliruka kwa chui mara 4 kati ya 10, na kwamba akisimama karibu na kiongozi aliruka mara 1. Mama anayefika saa kumi na mbili, kanga imelowa, amezoea kupokelewa na mashtaka. Akisomewa mistari hiyo miwili anaondoka na kitu cha kufanya nyumbani.

Nyumbani kwenyewe, anayecheza zaidi na mtoto mwenye changamoto ni kaka au dada yake. Kwa hiyo siku moja katika juma ndugu hao waalikwe ukumbini, waucheze mchezo wa nyama kwa kanuni mpya, wafunge mafundo ya mtandio, wakate trei la mayai wenyewe. Watoto hawana shida na kanuni zinazobadilika, kwani kila mtaa wa Dar es Salaam una mdako wake na hushindana kuutetea. Mvua ikikatika watatoka uwanjani wakiwa na kanuni moja zaidi, na wakiulizwa na watoto wa jirani kwa nini aliyekosea hatoki, watajibu kwamba kwao unachezwa hivyo.